Ngoma zetu za Kisukuma zilivyozaa shindano la business plan chuoni Bariadi

Wakuu, mwangaluka.

Mimi mzee wa hapa Somanda, shule niliishia la nne, mtanivumilia mwandiko. Atakayesema hii ni chai aje, nitamwonyesha uwanja wenyewe.

Mjukuu wangu Minza alikuwa anasoma biashara chuo kimoja hapa mjini. Chuo kikatoa chumba kimoja pale getini, mwanafunzi mmoja afanyie biashara bure.

Wakabaki wawili. Masanja, kijana wa Bukundi, alitaka kuchapa kazi za wanafunzi na kuchaji simu. Minza alitaka kuuza chakula cha ng'ombe, mashudu ya pamba na pumba, kwa kipimo kidogo hata mwenye ng'ombe mmoja amudu.

Wenzake walimcheka, wakamwita Mama Mashudu. Akikosa chumba, wazo limekufa. Fremu ya kupanga hatuna uwezo nayo.

Mwalimu wao kasoma plan zote mbili, kashindwa kuamua. Siku hiyo nilikuwa nimempelekea Minza michembe, anapenda sana viazi vikavu, nikaropoka tu: wachezesheni kama ngoma.

Ngoja nieleze. Kwetu makundi mawili hucheza uwanja mmoja, saa ileile. Watazamaji wanahamahama. Atakayebaki na watu wengi kashinda. Mimi nilicheza na chatu shingoni. Marehemu bibi yake Minza alikuja kumshangilia mpinzani wangu, akavuka upande wangu. Kwao akawa anarudi kusalimia tu.

Tuendelee. Mwalimu akakubali.

Siku ilipofika Masanja akaja na spika, uwanja wote kwake. Minza alikuwa na mimi, gunia, na ng'ombe wangu aliyekonda. Nikamwambia ng'wanawane, yaani mwanangu, leo tumeumbuka.

Akamwaga mashudu kwenye karai, ng'ombe akaanza kula. Akawauliza waliokuwa wanapita: "Kiangazi, ng'ombe wa baba yako wanakula nini?"

Mmoja akasimama. Akaita mwenzake. Wengi wao ni watoto wa wafugaji, wakuu. Ng'ombe wakikonda, na ada inakonda.

Mwisho spika ikanyamaza. Tukamwona Masanja mwenyewe anavuka uwanja.

"Mama Mashudu," akasema, "Bukundi unafikisha?"

"Ukinibebea gunia, nafikisha."

Nilicheza pale mpaka mwalimu akanishika mkono, akidhani nimeugua.

Chumba akapata. Siku hizi ni shindano la kila mwaka, lina majaji na makaratasi, ila fainali bado wawili wanapambana uwanjani kwa mpigo. Kiti changu kipo mbele.

Nilichojifunza: usishindane na spika ya mwenzako. Gusa kinachomuuma mtu, atavuka mwenyewe.

Na wewe, nani alishawahi kuvuka akaja upande wako? Andika hapo chini, miwani nimevaa.