Jembe na Usukani

Harufu ya kahawa iliyolowa hunifuata kila mji ninaohamia, na kila mara hunipa furaha mbaya.

Asubuhi ile mnunuzi binafsi wa kahawa alimcheka baba mbele yetu, penye mizani. "Ushirika wenu umekufa, wewe. Lori huna tena, kaendeshe jembe." Baba, aliyekuwa dereva wa ushirika, alikunja magunia yetu matupu, tukarudi nyumbani.

Kabla ya adhuhuri pikapu ya yule bwana, imejaa magunia, iligonga ukingo wa mawe jirani na kwetu. Akaja kwa miguu. "Shikamoo, baba. Naomba unitazamie gari."

"Marahaba."

Baba alinikalisha kwenye kiti cha dereva, nishike usukani. Akalala chini, akapapasa ringi na vyuma taratibu, kama anayechambua kahawa. "Umeunyoosha, binti yangu?"

"Ndiyo, baba."

"Lakini gurudumu linatazama kushoto. Tairodi hii inayogeuza gurudumu imepinda. Wewe bwana, ukiteremka nayo ziwani, utaishia korongoni."

"Unaweza kuinyoosha, baba?" yule bwana aliuliza.

"Naweza," alisema, akijifuta grisi kwa majani ya mgomba. "Lakini siku hizi naendesha jembe."

Wingu lilikuwa limeshashuka, na turubai yule bwana hakuwa nalo. Tukaketi barazani, tukaitazama mvua ikinyeshea kahawa ambayo sasa ilikuwa yake.