Kitambaa juu ya Picha ya Rais

Kaka yangu mkubwa alikuwa fundi wa reli hapa Kindu. Alipofariki hospitalini, tulitaka kumvusha mto tukamzike Alunguli, karibu na mama. Rafiki yake, dereva wa kamyo la mchele, alikubali kumbeba.

Kwetu, upande wa Tunda, mtu akifa tunafunika kioo na sura zote za pichani mpaka azikwe, ili marehemu asisumbuliwe na macho ya watu anapoondoka. Asubuhi ile nilikuwa nimefunika picha ya baba na ile ya harusi yangu. Sanduku la kaka lilipopandishwa kwenye kamyo, nikaona picha ya Rais imebandikwa kwenye kioo cha mbele, kama ilivyokuwa kwenye magari mengi siku zile. Nikararua kipande cha kitambaa cheusi, nikaifunika. Sikufikiri. Mikono ilikuwa imezoea kazi hiyo tangu alfajiri. Dereva alikiona aliposhika usukani, lakini alidhani ni wazee wa familia waliotaka hivyo, akakiacha.

Kivukoni askari jandarme alitusimamisha. Alizunguka kamyo, kisha akasimama mbele ya kioo.

"Shoferi, shuka. Ni nani alikufa?"

"Rafiki yangu, shefu. Iko nyuma, ndani ya sanduku."

"Na huyu wa mbele? Naye alikufa?"

Watu waliokuwa wakingoja kivuko walisogea mbali na kamyo. Sote tuliijua ile amri: gari likionyesha kitu chochote cha kudharau wakubwa wa nchi, linakamatwa, na dereva anafungwa. Mtu mmoja wa mtaa wetu alikuwa amefungwa miezi mingi kwa maneno aliyoandika nyuma ya baiskeli yake.

"Unamuzika muntu mwenye iko muzima? Utaeleza vizuri kule ndani," jandarme alisema, akamkamata dereva mkono.

Dereva hakumtaja mtu yeyote wa familia yetu. Alitazama viatu vyake. Nami nilinyamaza, niseme ukweli, kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Niliwaza watoto wangu. Kisha nikawaza watoto wake sita, nikashuka.

"Ni mimi njo nilifunika, shefu. Yeye hajui kitu."

Tulipelekwa sote wawili kwa mkuu wao, kwenye kibanda cha mabati kando ya maji. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mgeni kutoka Kasai.

"Sitwayeni," alisema, kama raia wa kike walivyoitwa siku zile, "nani alikutuma?"

"Hakuna, baba. Kwetu tunafunika sura zote siku ya kilio. Hata ya baba yangu mwenyewe nimeifunika. Sikuona vizuri kumuacha Rais peke yake."

Jandarme alicheka, akajizuia. Mkuu hakucheka. Alitoka nje, akalitazama sanduku kwa muda, akaondoa kitambaa na kunirudishia. Kisha akaibandua picha polepole, akaibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sahani ya mchuzi, akaiingiza kibandani, akaiweka kwenye droo ya meza yake na kuifunga.

"Lakini shefu, sheria..." jandarme alianza.

"Sheria inakataza kumudharau. Nani amemudharau?" Akamgeukia dereva. "Kesho uje kuichukua, na uirudishe pale pale. Sasa muende kuzika."

Nilipanda kamyo kwa kusukumwa na wanawake wawili nisiowajua.

Tulipokuwa katikati ya mto dereva alivuta pumzi ndefu. "Dada," alisema, "siku ingine unifunike mimi macho, nisione mambo yako."

Nikacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitalini, na kaka yangu alikuwa amelala pale nyuma yetu, wala sikuona haya. Tulimzika jua likiwa bado juu. Sanduku liliposhushwa kaburini, dereva alishika kamba ya upande wa kichwa.