Mama Akiwa Angani

Nilimwambia Bibi kwamba Mama angekaa angani masaa matatu na nusu, na nilisema kwa uhakika wa mtu aliyehakiki mara tano. Tiketi niliiona mwenyewe: ndege inaondoka Mumbai saa nne asubuhi, inatua Dar saa saba na nusu mchana. Ni kutoa tu.

Bibi alikuwa ameshuka kutoka Mkuyuni kuja kwetu Kilakala kumpokea binti yake, aliyekaa India miezi miwili akitibiwa moyo. Alikuwa ameweka nadhiri: muda wote Mama akiwa angani, yeye hatatia kitu mdomoni. Kwa hiyo saa tatu asubuhi alikula ndizi za nazi sahani nzima, kwa raha zake, akanawa, akasubiri saa nne ifike ashike rozari.

Mimi nina ugonjwa wa kuhakiki kilichokwisha kuhakikiwa. Shule sikumaliza, jiografia nimejifunza mwenyewe kwenye simu, na kila ninachokijua nakitilia shaka. Nikatafuta umbali: kilomita elfu nne na mia tano hivi. Nikagawa kwa masaa yangu. Ikatoka ndege ya abiria inayoishinda sauti kwa mbio. Nikarudi kwenye tiketi.

Kumbe saa nne ile ilikuwa ya India, ambako saa zao zinatutangulia kwa masaa mawili na nusu. Kwa saa za kwetu ndege ilipaa saa moja na nusu. Bibi alipokuwa akila, Mama alishakuwa juu ya bahari.

Nilizunguka nyumba mara mbili nikijishawishi ninyamaze. Nikashindwa. Nikamwendea barazani.

"Bibi, nimekosea. Mama yuko angani tangu saa moja na nusu."

Vidole vyake vikasimama kwenye rozari. "Kwa hiyo mimi nakula ndizi..."

"Yeye yuko juu."

"Na ndege haijaanguka?"

Nikamwonyesha kwenye simu ramani ya kufuatilia ndege, kindege cha njano kikitambaa juu ya bahari. Alikitazama, kisha akacheka mpaka akajifuta macho kwa khanga.

"Basi imebebwa na ndizi zangu! Lakini nadhiri ni nadhiri, mume wangu. Sasa sili mpaka nimwone kwa macho yangu. Na wewe, bingwa wa saa, utafunga na mimi."

Kabla ya saa nane Mama alipiga simu: ametua salama. Nilifurahi hadi nikasahau njaa, kwa dakika kama kumi. Kisha harufu ya pilau ambalo shangazi yangu alikuwa akimpikia Mama ikaanza kutoka jikoni, na mchana ukawa mrefu kuliko safari ya Mumbai.

Jioni tulisimama stesheni. Treni ya umeme ya kutoka Dar ikaingia, Mama akashuka, amekonda, anatabasamu, anatembea bila kushikwa.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmekula?"

Bibi alikuwa ameshamkumbatia, hataki kumwachia. "Muulize huyu mume wangu," alisema begani kwa binti yake. "Yeye ndiye anayejua mahesabu."