Password ya shule ya dini niliyoigawa kwenye kijiwe cha kahawa

Wakuu, habari za humu. Wakubwa shikamooni. Naandika kwa kidole kimoja, herufi zikinipotea mnivumilie. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu.

Zamani kule Urambo baba alikuwa analima tumbaku. Kazi yangu ilikuwa kulinda moto wa bani, kile kibanda cha kukaushia majani, usizimike. Shule nilikuwa nimeshaachia la tatu.

Majirani walikuwa wanakuja na vigae kuomba kaa la moto. Mimi nawanunia. Baba akaniambia wape, moto ukiugawa haupungui. Nikakua na hilo kichwani.

Ushonaji nilijifunza baadaye Tabora mjini, kwa fundi mmoja mkali sana, ila huyo hata uzi wake hakumgawia mtu.

Sasa. Kuna shule ya dini ya bweni hapa mjini, jina naliacha. Nilikuwa nawashonea wanafunzi kanzu, cherehani yangu iko barazani, karibu na chumba cha kompyuta.

Mwalimu wa kompyuta alikuwa binti, nimwite Ustadha Zaituni. Yuko kwenye majaribio ya kazi, na nyumbani mama yake mgonjwa anamtegemea yeye. Mlangoni alibandika masharti: viatu nje, hakuna miziki, hakuna picha chafu, na password ya wifi haitoki nje ya shule.

Akaniona nahangaika na bando, nataka kusikiliza mawaidha huku nashona. Akanionea huruma, akanipa password. Akasema, "Babu, hii ni amana. Ikitoka, mimi sina kazi."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, anaongea na mtu mzima.

Tatizo ni kijiwe chetu cha kahawa, kiko nyuma ya ukuta wa shule. Pale kuna Mzee Hamisi, Mzaramo muuza viungo. Sisi Wanyamwezi ni watani zao, basi hana breki.

Siku hiyo akanitazama na simu yangu, akasema, "Mnyamwezi, hiyo simu unaitumia au unaibeba tu, kama babu zako walivyobeba pembe za watu mpaka pwani?"

Kijiwe kizima kikacheka. Mimi ikaniuma kweli. Nikawaambia natumia wifi ya shule, nyie endeleeni na vocha. Akasema muongo huyo. Nikaitaja password, kwa sauti, kila mtu akaiandika kwenye simu yake.

Moyoni nikajiambia ni kama lile kaa la moto.

Kumbe wifi inapungua, wakuu. Watu wakahamia ukutani na vigoda vyao. Wanafunzi wakawa hawafungui hata somo moja. Na miongoni mwa wale wa ukutani walikuwepo wanaoangalia uchafu, fundi wa mtandao alipokuja akaukuta wote umepita kwenye mtandao wa shule ya dini.

Sheikh mkuu akatuita ofisini. Ustadha akaulizwa alimpa nani password, akasema fundi wa kanzu tu. Sheikh akanipa kiti kwanza, ndipo akaniuliza kwa adabu, "Mzee wangu, kuna mtu ulimpa?"

Hapa ndipo naona haya mpaka leo. Nikaishika simu juu chini makusudi, nikasema, "Mwanangu, mimi najua kupokea simu tu. Sisi wazee haya mambo tutayajulia wapi?"

Sheikh akatabasamu. Akasema mzee hana kosa, kosa ni la aliyempa mzee kitu asichokijua.

Ustadha alishaniona mara nyingi natafuta mawaidha mwenyewe. Angesema, ningeumbuka. Akaniangalia, akainamisha kichwa. "Ni kweli, Sheikh. Babu hajui."

Akaambiwa akabidhi funguo.

Nilichojifunza ni hiki: kutosoma hakujawahi kuniaibisha, kujifanya sijui ndiko kumeniaibisha. Heshima waliyonipa kwa ajili ya mvi nikaifanya pa kujifichia, binti wa watu akabaki nje. Namba yake ninayo, sijathubutu kupiga. Aliyewahi kumponza mtu namna hii aniambie alianzaje kuomba radhi. Hata mkinisema vibaya, semeni, nitasoma.

Mimi siku ile nilitoka ofisini, watoto wakaniamkia shikamoo babu, marahaba haikutoka. Nikaipita cherehani, kanzu ya mtu iko chini ya sindano. Nikatoka getini. Kijiweni wakaniita, sikugeuka. Sijarudi tena, shule wala kijiwe.