Kidole cha Mama wa Ubatizo

Vénantie hakuwa mtu wa kutajiwa bei akanyamaza. Hata pale ofisi ya upelelezi, Kamembe, walipomwambia aketi, aliuliza kwanza anaketi kama shahidi ao kama mtuhumiwa, maana viti hivyo viwili havina bei moja.

"Mtuhumiwa," alisema Valens, mchunguzi wa simu.

Boti ilikuwa imekamatwa ziwani na maboksi ya krimu za kuchubua ngozi, mali iliyopigwa marufuku Rwanda. Ndani ya simu ya mwenye boti kulikuwa na ujumbe wa kuagiza mzigo, na namba iliyoagiza ilikuwa ya Vénantie. Akitiwa hatiani ni jela, na ruhusa ya kuvuka daraja la Rusizi II kwenda Kongo inakwenda na maji. Bila daraja lile, yeye si mfanyabiashara. Ni mwanamke mwenye samaki wanaooza.

Alizaliwa Bukavu, upande wa Kongo, akarudi Rwanda na wazazi wake mikono mitupu, akaanza na beseni moja la sambaza, wale dagaa wa ziwani. Sasa alikuwa na meza yake sokoni. Akivuka kupeleka samaki wa chumvi Bukavu, alibeba kisimu kidogo chenye namba ya Kongo. Simu kubwa, ya namba ya Rwanda, ilibaki mezani kwa Mwavita, ili wateja wa Bugarama na Giheke wakipiga wasikose wa kuwajibu. Mwavita alikuwa mwenzake wa biashara, tena mama wa ubatizo wa binti yake, Gracia.

Valens alikuwa ametoa nakala ya kila kilichomo ndani ya simu hiyo kubwa, akaichambua nakala, simu yenyewe isije ikaharibiwa ushahidi.

"Maman Gracia, hii simu inafunguka kwa namba ya siri ao kwa kidole. Namba, nani anaijua?"

"Mimi peke yangu."

"Na kidole?"

"Ni yangu pia."

Uongo huo aliutoa haraka, kama anavyotoa bei ya kwanza. Alikwisha kuona maneno yanaelekea wapi, na mama wa ubatizo wa mtoto wako humuuzi kwa mashaka tu.

Valens akamsogezea simu. "Fungua basi."

Akaweka kidole gumba. Simu ikakataa. Akaweka cha pili, akahamia mkono wa kushoto, mpaka simu ikachoka ikadai namba.

"Maman, vidole yako imeisha kama sabuni!"

Ndivyo ilivyokuwa. Chumvi na magamba vilikuwa vimekula mistari yote ya vidole vyake. Fundi aliyemuuzia simu alimwambia vilevile, na ni Vénantie mwenyewe aliyeuvuta mkono wa Mwavita siku ile: "Weka yako, dada. Yako na yangu ni moja."

"Kila ujumbe kwa mwenye boti uliandikwa simu ikiwa imefunguliwa kwa kidole," alisema Valens. "Na saa hizo kitambulisho chako kilikuwa kimesomwa darajani, weye uko Bukavu. Kidole ni ya nani?"

Jina moja tu, angekwenda nyumbani. "Pengine alilazimishwa," alisema. "Pengine bwana yake..."

Valens akamgeuzia kompyuta. "Ujumbe huu kwa mwenye boti ulifutwa. Nimeurudisha."

*Usiogope. Wakitushika, namba ni ya Vénantie. Yeye hana muntu.*

Vénantie aliyajua maneno hayo. Yalikuwa yake. Alimwambia Mwavita alipomwomba ambebe Gracia kanisani: sina muntu mwingine. Mwavita alilia siku ile, akamkumbatia. Kumbe alikuwa anapima mzigo.

"Mwite Mwavita," alisema. "Kidole ni yake."

Mwavita alipofika, Vénantie aliandika namba, akaifunga simu tena, akaisukuma mbele yake. Valens akamwelekeza aweke kidole. Simu ikafunguka pale pale, kama mbwa anayemjua mwenye nyumba.

"Maman Gracia, kweli unaniuza?"

"Weye ulitangulia sokoni. Mi nimekuja nyuma."

"Lakini si weye ulinishika mukono? Si weye ulisema niweke?"

Vénantie, ambaye wachuuzi wa pande zote mbili za daraja humwogopa ulimi, alivitazama vidole vyake.

"Ni mimi," alisema.

Siku hizi simu kubwa inafunguka kwa namba tu. Akivuka, anaizima na kuifungia nyumbani, na wateja wa Bugarama wanamnung'unikia kwamba hapatikani. Wengine wamekwisha kuhamia kwa muuzaji mwingine. Amekubali hasara hiyo bila kuibembeleza.

Gracia ndiye anayeuliza mama yake wa ubatizo atakuja lini.

"Haji," Vénantie humjibu, akiendelea kupara samaki. "Lete chumvi."