Sauti ya Madamu Philomena

Wanafunzi wa uuguzi pale Kibondo walikuwa na hofu moja kubwa kuliko mtihani, nayo ilikuwa Madamu Philomena. Ukishika koleo vibaya, kitanzi cha mkasi kilikuwa kimeshatua kwenye vifundo vya vidole vyako kabla hujajua umekosea nini. Ukisitasita kujibu alikuita kwa sauti ya kukata, na wodi nzima ikanyamaza, wagonjwa pamoja na wauguzi.

Alizaliwa Murungu, katika nyumba ambayo baba alipiga na mama akanyamaza. Alisomea Tabora, mikononi mwa mkufunzi aliyewamwagia maji baridi wanafunzi waliosinzia zamuni. Akaolewa na mtu wa ngumi. Siku aliyotemea jino kwenye beseni la vyombo, alifungasha nguo zake akaondoka, hakurudi tena. Kwa hiyo hakuona ajabu kumfinyanga mtu kwa maumivu. "Mgonjwa anayevuja damu hatakusubiri umalize kulia," aliwaambia wanafunzi wake, na aliamini kabisa kwamba anawatendea wema.

Mwaka 2013 alichukua kundi dogo la wanafunzi kwenda mafunzo kwa vitendo katika zahanati ya kijiji kimoja cha kata ya Kitanga. Miongoni mwao walikuwamo Japhet, kijana mpole mwenye kifua kipana, na Zuhra, binti wa mzee Khatibu, muuza vitenge wa Kasulu mjini. Zuhra alikuwa na mikono ya kushona jeraha ukadhani hajaligusa. Lakini Madamu alipomkaribia mikono hiyo ilitetemeka, na kwa sababu ilitetemeka, alipigwa kuliko wenzake wote.

Siku ya gulio, jua likiwa limeshapanda, mtendaji wa kijiji alifika na pikipiki akiwa amempakia mtu aliyelowa damu. Aliitwa Nestori. Asubuhi ile alikuwa amegombana na kaka yake kuhusu mpaka wa shamba la maharage, akamkata panga la shingo, na kaka mtu akafia palepale kwenye matuta. Wanakijiji walimkamata Nestori wakampiga mawe. Mtendaji alimnyakua mikononi mwao kwa kusema uongo kwamba polisi wameshafika.

"Mshoneni. Mimi nafuata polisi Kasulu," alisema, akaondoka mbio.

Ngozi ya kichwa cha Nestori ilikuwa imefunguka kutoka paji la uso hadi kisogoni, na sikio moja lilishikiliwa na kipande kidogo cha nyama. Madamu alimkabidhi Zuhra sindano na uzi.

"Madamu, huyu ameua," Japhet alisema kwa sauti ya chini.

"Huko nje ameua. Humu ndani anavuja damu. Mshike kichwa asigeuke."

Zuhra alikuwa amefika katikati ya jeraha waliposikia watu. Mwanzoni ilikuwa kama mvua inayokuja juu ya mabati ya mbali, kisha likasikika jina la Nestori, kisha jiwe la kwanza likavunja dirisha. Nestori alishika aproni ya Zuhra kwa mikono yote miwili. "Dada, usiniache," alisema.

"Japhet, mlaze chini ya meza," Madamu aliamuru. "Zuhra, kaa mlango wa nyuma. Komea, na usimfungulie mtu yeyote."

Yeye mwenyewe alitoka kwa mlango wa mbele akasimama kizingitini. Aliwaamkia kwa Kiha, "Mwakeye," kama mtu aliyekutana nao njiani, akaanza kuwaambia kwamba polisi wako njiani. Wazee wawili watatu walitaka kumsikiliza. Mpini wa jembe ulitokea pembeni ukaupiga mkono wake wa kushoto juu kidogo ya kiwiko, na aliusikia mfupa ukivunjika kabla hajasikia maumivu. Hakutoka mlangoni. Aliendelea kusema, jasho likimtiririka, huku watu wakimsukuma.

Ndipo aliposikia kelele zimehamia nyuma.

Mtoto wa marehemu, kijana aitwaye Sylvesta, alikuwa amezunguka jengo. Hakuvunja mlango. Aliupiga kofi moja na kupaza sauti: "Wewe binti, fungua. Nasema fungua sasa hivi." Zuhra akafungua.

Walimtoa Nestori kwa miguu. Japhet alimng'ang'ania mabegani mpaka akapigwa teke la mdomo akamwachia. Walimmalizia kando ya tangi la maji, kwa mawe na mipini na mwisho kwa panga, na wanafunzi walisikia kila pigo, kwanza yale yaliyojibiwa na kilio, kisha yale yasiyojibiwa na kitu. Umati ulipotawanyika, Madamu alimwendea akapiga magoti. Uzi wa kushonea ulikuwa bado unaning'inia kwenye ngozi ya kichwa, na sindano imelala matopeni.

Japhet, mwenyewe mdomo umevimba, alimfunga Madamu mkono kwa vipande vya boksi na bandeji. Zuhra alikuwa amekaa sakafuni akitazama komeo.

"Kwa nini ulifungua?" Madamu alimuuliza.

"Aliita kama unavyoita wewe," Zuhra alijibu. "Mikono yangu ilikwenda yenyewe."

Njia nzima ya kurudi Madamu aliyarudia maneno hayo moyoni, na yalimuuma kuliko mfupa.

Zuhra hakurudi chuoni. Plasta ilipotolewa mkononi, Madamu alipanda gari hadi Kasulu akaingia dukani kwa mzee Khatibu. Mzee alimkaribisha kiti, akamwambia bila kuzunguka: "Mwalimu, nilikukabidhi mtoto mwenye akili. Umenirudishia mtu anayeruka mlango ukigongwa."

"Ni kweli, mzee wangu. Nimekuja kuongea naye, kama ataniruhusu."

Zuhra alitoka nyuma ya marobota ya vitenge. Hakumwamkia. "Ulikuwa unanipiga kwa nini?"

"Nilipigwa nikawa muuguzi. Nikafikiri ndiyo njia."

"Na sasa?"

"Sasa najua nilikuwa nakufundisha kumtii yeyote anayefoka. Yule mtu hakuuawa na wewe peke yako, Zuhra. Mkono wangu ulikuwepo kwenye komeo lile."

Binti alilia kwa hasira, si kwa huruma. Baada ya wiki kadhaa alirudi.

Tangu hapo darasa la Madamu lilikuwa na somo lisilokuwemo kwenye mtaala. Alimwambia Japhet ajifanye ndugu wa marehemu, afoke, apige meza kwa rungu, na kila mwanafunzi kwa zamu yake asimame mlangoni amkatalie bila matusi na bila kupepesa macho. Wakati mwingine alifoka yeye mwenyewe. Wengi walishindwa, wakarudia. Zuhra alitapika mara ya kwanza. Wakufunzi wenzake Madamu walinung'unika kwamba chuo kimegeuka kambi ya mgambo.

Zuhra alihitimu, akaajiriwa katika kituo cha afya wilayani Kasulu. Mwaka 2015 Warundi walipoanza kuvuka mpaka kwa maelfu, kituo kilijaa. Mchana mmoja mwanamke aitwaye Careen alikuwa anajifungua, na mumewe, aliyeaminishwa na watu kwamba mtoto si wake, alikuja na panga. Zuhra alisimama mlangoni mwa chumba cha uzazi. "Hapana, baba. Huingii," alimwambia. Panga lilishuka. Alilikinga kwa mkono wa kulia, likakata mishipa inayokunja vidole. Likashuka tena, begani. Hakutoka mpaka wanaume wa foleni ya wagonjwa walipomwangusha yule bwana na kumvunja taya kwa matofali. Careen na mtoto wake waliishi. Mume alifungwa.

Madamu alimkuta Zuhra amelazwa, mkono umefungwa hadi kwapani. Akafungua kidonda, akakisafisha mwenyewe, taratibu.

"Nilikufundisha kukataa," alisema. "Sikukufundisha kukimbia."

"Ningekimbilia wapi, Madamu? Nyuma yangu kulikuwa na mtoto hata kitovu hakijakatwa."

Madamu aliendelea kufunga bandeji. Aliona fahari, na aliogopa kuona fahari, kwa sababu kidole kimoja kilikuwa tayari kimeanza kuwa cheusi.

Kidole hicho kilikatwa, na viwili vingine havikukunjika tena. Zuhra hakuweza tena kumtundikia mtu dripu. Akaomba kufundisha, akapokelewa chuoni Kibondo. Siku yake ya kwanza Madamu alikaa dawati la nyuma. Zuhra aliuweka mkono wake mezani, wanafunzi wautazame mpaka watosheke.

"Iliuma, Madamu?" mmoja aliuliza.

"Sana," Zuhra alijibu. "Haya, vaeni glovu."