Nilivyokata Kingo za Magazeti ya Mama Masanja

Aibu niliyoipata Masumbwe mwaka juzi bado naisikia mwilini, na mke wangu akitaka kunimaliza kwenye mabishano ya nyumbani hana haja ya maneno mengi, anasema tu "kingo," mimi nainuka na kwenda kukaa nje. Mmeniuliza mara nyingi kwa nini magazeti yangu ya zamani nimeyaweka kwenye fremu zisizolingana, mengine yamechanika pembeni, mengine yana madoa ya chai, na muuza fremu ni mimi mwenyewe. Leo nawaambieni, na mkitaka kucheka chekeni mapema, maana mbele huko hakuchekeshi.

Duka langu la steshenari hapa Geita mnalijua, natoa fotokopi, nabana vitabu, nauza fremu. Ugonjwa wa magazeti ulinianza siku niliyonunua misumari, muuzaji akanifungia kwenye ukurasa wa gazeti la zamani sana, na kabla sijautupa nikaona tangazo la mtu aliyepotelewa na baiskeli yenye kengele mbili, anaomba atakayeiona amsaidie. Nikakaa siku nzima najiuliza kama aliipata. Tangu hapo nikawa mtu wa kuomba magazeti makuukuu kila ninapokwenda, ya kufungia vyombo, ya kutandika kwenye masanduku ya bati, na wala sikutaka hotuba za wakubwa, nilitaka matangazo ya sabuni, ng'ombe waliopotea, pole za msiba, mambo ya watu kama sisi. Nilijiona mtu mwenye jicho la pekee (mtaona hilo jicho lilivyokuwa).

Sasa kuna rafiki yangu Masanja, ana sehemu yake kwenye duara, shimo la kuchimbia dhahabu, huku Geita, lakini kwao ni Masumbwe, mama yake anaishi huko kwenye nyumba ya matofali mabichi aliyoijenga marehemu baba yake. Siku moja Masanja kakaa dukani kwangu anaangalia fremu zangu, akacheka, akasema kaka, hivi vitu unavyovihangaikia kwa mama vimejaa ukuta mzima. Kumbe mzee wake enzi zile alibandika magazeti chumbani kuzuia vumbi na upepo, kwa gundi ya uji wa muhogo, tabaka juu ya tabaka, na mama bado analala humo humo. Masanja alikuwa anataka kukipaka chumba rangi, mama afurahi, ila hakujua ayafanye nini yale makaratasi. Mimi usingizi ukanipotea.

Tukaenda wote Ijumaa. Tulipofika, mama hayupo, amekwenda Ushirombo kwenye msiba wa dada yake, atarudi Jumatatu. Masanja akaniambia tumsubiri. Nataka mlishike hilo, yeye alisema tumsubiri, ni siku tatu tu, tutakula michembe ya viazi vikavu na kupumzika. Mimi nikatazama ule ukuta, nikaona mchwa wameshapandisha njia yao ya udongo kwenye kona, nikamwambia mchwa hawasubiri mtu, wewe unataka mama akirudi akute chumba kinang'aa au akute bado tunabishana? Masanja ni mtu mwepesi, akakubali.

Kazi yenyewe niliifanya kwa heshima, sisemi uongo. Nilinyunyiza maji ya uvuguvugu, nikasubiri uji ule wa muhogo ulainike, nikapenyeza kisu cha mezani polepole, kurasa zikawa zinatoka nzima nzima, nami naziweka juu ya shuka kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Upande wa kitandani, kwenye kingo za kurasa, pale pasipo na maandishi ya gazeti, kulikuwa na maneno na tarakimu za penseli, madogo, yamefifia. Nikamuuliza Masanja ni nini. Akasema labda baba alikuwa anaweka hesabu za pamba. Nikasema aa, kumbe. Sikusoma hata mstari mmoja (mimi, niliyekaa siku nzima nawaza baiskeli ya mtu nisiyemjua).

Nilirudi Geita na robota langu, na wiki ile ile mwalimu mkuu wa sekondari moja ya Masumbwe, ambaye tunafahamiana, akaniambia shule yao inafanya mahafali na wangependa nilete magazeti wanafunzi wayaone, wajue watu waliishije. Mimi kichwa kikavimba. Nikachagua kurasa kumi na mbili bora za ukuta ule, nikazipima kwenye fremu zangu, zikazidi. Kingo zilikuwa zimejikunja, zina gundi, zina zile penseli. Ninayo mashine ya kukatia karatasi, ile ya mkono, unashusha kisu mara moja tu, kraa, imekwisha. Nilikata pande zote nne za kurasa zote, zikatoka safi kama zimetoka kiwandani leo. Vile vipande vyembamba nikavikusanya kwenye boksi, mke wangu Mama Neema akanipongeza, akasema vinafaa sana kuwashia jiko.

Wakati huo Masanja alinipigia simu kunieleza mama alivyokipokea chumba. Alisimama mlangoni, rangi hata hakuitaja, akauliza karatasi ziko wapi. Masanja akamwambia ziko Geita kwa fundi, zimewekwa hadi kwenye vioo, haziguswi na mchwa wala moshi. Mama akasema basi, kama ziko salama. Mimi nikalichukulia neno hilo kama shukrani, nikamwambia Masanja amlete mama siku ya mahafali, tutamheshimu mbele za watu.

Siku yenyewe ikafika. Bwalo la shule limejaa wazazi, wanafunzi, mgeni rasmi na suti yake, mapadre wawili mbele, na fremu zangu kumi na mbili zimepangwa ukutani. Nikapewa kipaza sauti. Jamani, niliongea. Nilisema historia haiko kwenye vitabu vya wakubwa peke yake, iko kwenye kuta za nyumba za wazazi wetu, nikasema wengi wetu tuna macho ila hatuoni, nikasema ni lazima tujifunze kutunza vitu vidogo vidogo. Watu wakapiga makofi. Hapo ningekaa chini, mambo yangeishia kwenye vifijo. Lakini nilikuwa nimeshalewa sifa, nikasema ukuta huu una mwenyewe, na mwenyewe yupo hapa, nikamwomba Mama Masanja apite mbele atuambie anajisikiaje.

Akaja taratibu, amevaa kitenge kipya, mkononi ameshika bahasha ndogo. Nikainama, nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba mwanangu, kisha hakusimama na mimi, akapitiliza hadi kwenye fremu. Akaenda moja kwa moja kwenye ya nne, ile yenye picha ya tangazo la sabuni, maana hajui kusoma lakini ukuta wake aliujua kwa picha. Akaweka kiganja pembeni mwa kioo, akakishusha mpaka chini, akakipandisha upande wa pili. Mimi nikamfuata na kipaza sauti, natabasamu.

"Pembeni kuko wapi?" akauliza.

Sikuelewa. Nikamwambia mama, gazeti ndilo hilo, zima kabisa.

"Pembeni kulikuwa na watoto wangu," akasema. "Mzee aliwaandika hapo wote. Na Limi aliyefariki, yumo."

Kipaza sauti kilikuwa karibu na mdomo wake, bwalo zima likasikia. Hakupiga kelele, hakulia, alinitazama tu anasubiri jibu, kama mtu aliyeuliza choo kiko upande gani. Akanionyesha bahasha. Kila mwaka, siku ya Limi, mumewe alikuwa anasoma tarehe pale ukutani, wanakwenda parokiani kuandikisha nia ya misa. Mzee alikuwa amefariki baada ya misa ya mwaka uliotangulia, na mama alikuja na sadaka yake mahafalini ili mtu yeyote anayejua kusoma amsomee, kwa sababu kama alivyosema, tarehe alikuwa anaijua mzee, yeye alikuwa anajua mahali ilipo.

Na mimi, badala ya kusema ukweli, nikasema vipande viko dukani, nimevihifadhi. Maneno yalitoka yenyewe. Mgeni rasmi akashusha pumzi, akasimama, akawaomba watu wampigie makofi huyu kijana mtunza historia, na watu wakapiga, na Mama Masanja naye akapiga, bahasha ikiwa katikati ya viganja vyake. Nimewahi kuaibika kwa mengi, lakini yale makofi ndiyo hasa yaliyoniumiza.

Nilipofika nyumbani boksi lilikuwa tupu. Mama Neema aliwashia jiko wiki nzima, kwani nilimwambia ni takataka. Aliposikia habari akakaa chini kwenye jamvi, akashika kichwa. Nikaenda kukung'uta mifuko ya duka, nikapekua chini ya mashine, nikapekua kurasa za ukuta nilizobakiza, hazikuwa na penseli hata moja, nikafungua fremu zote kumi na mbili moja baada ya moja. Kwenye ya tisa ukingo mmoja ulikuwa umekunjwa kwa nyuma, umeshikamana na gundi, kisu hakikuufikia. Nikaukunjua kwa maji ya uvuguvugu, nikasoma mwandiko wa marehemu, herufi zimenyooka kama za mtu aliyefundishwa kwa kiboko: "Mvua kubwa leo. Ng'ombe mweupe kazaa."

Basi. Hakukuwa na mtoto.

Nikarudi Masumbwe peke yangu. Masanja, aliyekuwa amebaki kwa mama tangu mahafali, aliposikia akatoka nje kwenda kupasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa. Mama nilimkuta ameketi kwenye kigoda anachambua mchele, nikapiga magoti mbele yake, mtu mzima na kitambi changu, nikamwambia ukweli wote, mashine, boksi, jiko, na uongo wa kwenye kipaza sauti. Akaendelea kuchambua mchele. Nilitamani anitukane. Baadaye akauliza kama hakuna kilichobaki hata kimoja, nikampa kile kipande, nikamsomea. Akataka nirudie. Nikarudia mara tatu.

"Yule ng'ombe alikuwa mkali," akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

Alipotulia akanieleza habari za Limi. Alizaliwa mzee akiwa Isaka, amekwenda kupakia pamba, mvua ikanyesha mfululizo, maji yakala tuta la reli, treni zikasimama na barabara hazipitiki. Mtoto akaishi siku chache, akafariki, na asubuhi aliyozikwa ndiyo watu walisimuliana kwamba reli imekatika usiku wa kuamkia siku hiyo. Mzee aliporudi alikuta kaburi. Hakumwona mwanawe hata mara moja, alichukua penseli akaandika ile siku kama alivyoambiwa, na hicho ndicho alichokuwa nacho cha mtoto yule.

Parokiani waliniambia daftari za nia za miaka ya nyuma hawazitunzi. Ndipo nikakumbuka kwamba nina magazeti, na huenda mojawapo liliandika reli ilikatika siku gani. Nilifunga duka, nikapekua marobota yangu yote, siku nne, Mama Neema akinisaidia kufungua kurasa. Nilipita kwenye mipira, bei za pamba, mashindano ya kwaya, waliopotelewa na vyeti, hadi kwenye gazeti moja nililolipata Shinyanga likiwa limefungia sahani, ukurasa wa ndani, chini kabisa, mistari minne. Mvua zimeharibu reli karibu na Isaka, abiria wamekwama, matengenezo yanaendelea. Nikaruka juu, kisha nikasoma tena. Gazeti lilisema imetokea mwishoni mwa wiki. Ijumaa? Jumamosi? Jumapili? Halikusema. Mtu wa gazeti hakuona sababu ya kutaja siku, kwake ilikuwa habari ya reli tu.

Nikampelekea Mama Masanja hivyo hivyo, nikamwambia mama, kwa upumbavu wangu tumefika hapa, ni mojawapo ya siku tatu, zaidi ya hapo siwezi. Akanyanyuka kwenda kuchukua ile bahasha.

"Basi aombewe zote tatu," akasema. "Na wewe utakuja."

Nimekwenda mwaka jana na mwaka huu, siku zote tatu kwa tarehe zile zile, hata zikiangukia katikati ya wiki, nakaa benchi la nyuma, padre anasoma jina la Limi, na Mama Masanja anageuka kuhakikisha kama nipo. Chumbani kwake tulibandika karatasi mpya juu ya ile rangi, kwa uji wa muhogo, na mimi ndiye niliyeandika majina ya watoto pembeni kwa penseli, yeye akinielekeza kila mmoja alikuwa mahali gani. Kile kipande cha ng'ombe tumekibandika katikati. Mashine yangu ya kukatia nimeiweka juu ya kabati, mteja akitaka kukatiwa karatasi namwelekeza duka la jirani, na siku hizi nikipewa gazeti la zamani sianzi kusoma habari. Naanza pembeni, pande zote nne, na sitoki nalo kwenye nyumba ya mtu kabla mwenyewe hajarudi.